Mchanga wa Nzuguni: Kisa cha Minyoo ya Paka Katikati ya Kiangazi

Mtoto wa kiume wa miaka sita, mkazi wa Nzuguni jijini Dodoma, alianza kujikuna wayo wa kushoto mwishoni mwa Agosti. Mwanzo kilikuwa kipele kimoja karibu na kisigino. Siku chache baadaye kipele kikaota mkia: mstari mwembamba, mwekundu, umeinuka kidogo juu ya ngozi, unapinda huku na huku kuelekea vidoleni. Usiku hakulaliki. Mama yake akaenda duka la dawa muhimu, akapewa krimu ya fangasi. Jirani mmoja akasema ni mkanda wa jeshi. Mwingine akasema funza huyo, akaomba sindano amchokoe, na akamchokoa kweli, asitoe kitu zaidi ya damu. Krimu ikaisha, mstari ukaendelea na safari. Kabla mwezi mmoja haujapita, mdogo wake, binti wa miaka mitatu, naye akatokewa na mistari miwili. Ya kwake ilikuwa kwenye matako.

Tabibu aliyewapokea zahanati amewahi kufanya kazi pwani, ambako wagonjwa wa namna hii si wageni, hasa wanaokaa ufukweni bila viatu. Hakuhitaji kipimo. Kwa ugonjwa huu macho yanatosha. Hata kukata kipande cha ngozi na kukipeleka maabara ni kumwonea mgonjwa bure. Alinipigia simu kwa kuwa mimi ni daktari wa mifugo. "Dokta, minyoo ya wagonjwa wako inatembea kwenye ngozi za wagonjwa wangu," akasema. "Nenda ukaone kwao kuna nini." Mijini tunazungumza sana habari ya Afya Moja, yaani wa tiba za watu na wa mifugo kufanya kazi pamoja, na lipo hadi dawati lake Ofisi ya Waziri Mkuu. Mara nyingi, hata hivyo, inaanza hivi hivi, kwa tabibu kuwa na namba ya simu ya daktari wa mifugo.

Nilipofika, hukumu ilikuwa imeshatoka. Nyumba ile ina paka jike, Pusi, mwenye watoto watatu, wanaolala chumbani kwa bibi mzaa baba. Baba wa watoto alikuwa ameshaandaa kiroba. Mpango ulikuwa kumtia paka na wanawe, kuwapakia kwenye bodaboda na kwenda kuwamwaga mbali. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni mwa chumba chake kama mlinzi. "Mbukwenyi, bibi," nikamsalimu Kigogo, akaitikia, halafu akaniambia kwa Kiswahili ili mwanawe asikie vizuri: "Huyu paka nilitoka naye Bahi. Alimaliza panya waliokuwa wanakula uwele wangu. Mkimtupa yeye, na mimi mnirudishe Bahi."

Niliomba tuahirishe habari ya kiroba.

Mnyoo mwenyewe ni ndugu wa safura. Binadamu ana safura yake, paka na mbwa wana za kwao, na anayesifika kwa kuchora mistari kwenye ngozi za watu anaitwa Ancylostoma braziliense. Anaishi kwenye utumbo mdogo wa paka na wa mbwa, na mayai ya jike hutoka na kinyesi. Yakiangukia udongo wenye joto, kivuli na unyevu, huanguliwa ndani ya siku moja au mbili, na baada ya kama wiki moja lava, yaani minyoo michanga, zinakuwa tayari kuingia mwilini. Zikipata ngozi ya paka hupenya hadi kwenye damu na kuishia utumboni, mzunguko ukaanza upya. Zikipata ngozi ya mtu hupenya tabaka la juu, halafu zinakwama, maana hazina vimeng'enya vya kutosha kuvunja utando ulio chini ya tabaka hilo. Basi lava hubaki ikizurura juu juu, milimita kadhaa kwa siku, ikiacha mfereji unaowasha vibaya sana. Haizai humo. Ikiachwa hufa yenyewe baada ya wiki kadhaa, wakati mwingine miezi. Kinachomtesa mtoto ni mwasho, kukosa usingizi, na vidonda vinavyoingiwa na bakteria kutoka kwenye kucha zake mwenyewe. Na yule jirani wa sindano angejua hili: lava huwa mbele ya mwisho wa mstari, mahali ambapo ngozi bado inaonekana nzima. Kuchokoa mstari ni kuchokoa ilikokwisha pita.

Lakini palikuwa na jambo lisilokaa sawa. Dodoma ni nusu jangwa. Mvua za mwaka mzima huzunguka milimita 550 hadi 600, zote kati ya mwishoni mwa Novemba au Desemba na Aprili. Agosti ni upepo, vumbi na jua. Lava za safura hazivumilii ukavu. Juani hukauka na kufa upesi. Ningeletewa mgonjwa huyu Februari nisingeuliza maswali mengi. Kiangazi kile, ilibidi kuwe na mahali penye unyevu wa kudumu, penye kivuli, na ambapo paka na watoto wanakutana.

Nikaanza na watu badala ya paka. Nani anawashwa, nani hawashwi? Bibi analala na paka miguuni kila usiku, na ngozi yake ni safi. Mama wa watoto ndiye anayempa paka mabaki ya dagaa na kufagia chumba, naye hana kitu. Baba hamgusi paka, hana kitu. Wanaowashwa ni watoto wawili: mkubwa anatembea peku, na mstari uko wayoni, mdogo anavaa chupi tu mchana kutwa, na mistari iko alipokalia. Nikiwa naandika hayo, saidia fundi aliyekuwa anasikiliza kwa mbali akaja, akanionyesha mkono wake wa kulia. Juu kidogo ya kifundo palikuwa na mstari uleule. "Nilidhani ni saruji imenila, dokta." Nikamuuliza kama huwa anamshika paka. Akacheka. Paka mwenyewe anamwogopa, ana makucha.

Yaani anayelala na paka haumwi, anayemkimbia paka anaumwa. Kwangu mimi kesi dhidi ya kiroba iliishia hapo, ingawa baba alihitaji kuonyeshwa.

Nyuma ya nyumba walikuwa wanajenga, kama nusu ya Dodoma inavyojenga tangu serikali ilipotangaza kuhamia huku mwaka 2016. Mchanga wa tipa mbili ulimwagwa Juni, mrundo mmoja mkubwa, nusu yake chini ya mwarobaini na nusu juani. Tofali walikuwa wanafyatua hapohapo na kuzipanga kandokando ya mchanga, upande wa kivulini ili zisipasuke kwa jua. Na tofali mbichi za saruji lazima zimwagiliwe. Fundi alikuwa anazimwagilia kwa mpira asubuhi na jioni, batch baada ya batch, na maji yaliyozidi yakawa yanateremka na kuingia kwenye kitako cha mchanga. Juu ulionekana mkavu. Nilipochimba kwa mkono kina cha kidole, upande wa mwarobaini ulikuwa na ubaridi na umeshikana. Pale ndipo watoto walikuwa wamechimba mashimo yao ya kuchezea, na mfuniko wa ndoo bado umechomekwa kama usukani.

Siku iliyofuata nilirudi mapema kabla watoto hawajaamka, kwa kuwa mchanga ambao haujakanyagwa unasema mengi. Palikuwa na nyayo za paka za ukubwa wa aina mbili. Ndogo zilitoka upande wa chumba cha bibi. Kubwa ziliruka kutoka ukutani kwa jirani, zikazunguka mrundo mzima, zikarudi zilikotoka. Nilifukua vishimo vilivyofukiwa na kukuta kinyesi cha umri tofauti, kingine kibichi, kingine kimeshaanza kuchanganyika na mchanga. Paka dume wa mtaani, asiye na mwenyewe, alikuwa mteja wa choo hicho pia. Baba aliangalia zile nyayo kubwa kwa muda, kisha akasema, "Kumbe hata ningempeleka Pusi hadi Bahi…" Hakumaliza.

Vipimo vilikuwa vya kawaida. Kinyesi kibichi cha Pusi na cha wanawe nilikikoroga kwenye maji yaliyojaa chumvi hadi chumvi haiyeyuki tena. Mayai ya minyoo mingi ni mepesi kuliko maji hayo, kwa hiyo huelea juu na kunata kwenye kioo kinachofunika mdomo wa chupa. Baada ya robo saa unakiweka chini ya hadubini. Pusi alikuwa na mayai ya safura. Wanawe walikuwa na ya safura pamoja na ya Toxocara cati, mnyoo mviringo wa paka, ambao vitoto huupata kwa kunyonya. Mchanga wenyewe niliufunga kwenye kitambaa chepesi na kuutumbukiza kwenye faneli yenye maji ya uvuguvugu usiku kucha, sampuli moja ya kivulini na moja ya juani. Lava hushuka zenyewe na kukusanyika chini. Sampuli ya kivulini ilikuwa inachezacheza. Ya juani haikuwa na kitu.

Toxocara haikuwa chanzo cha ile mistari, ila niliiogopa zaidi kuliko safura. Mayai yake yakiwa mabichi hayana madhara. Yanahitaji wiki mbili hadi nne udongoni ndipo yaweze kuambukiza, na baada ya hapo yanaweza kudumu miaka. Mtoto huyapata kwa kuyameza, kwa kula mchanga au kutia mkono mchafu mdomoni. Lava huanguliwa utumboni, kisha hutangatanga kwenye ini, mapafu, mara chache kwenye jicho. La jicho ni baya: huwa jicho moja, na linaweza kupoteza uwezo wa kuona. Mrundo uliokaa tangu Juni ulikuwa umeshapita muda wa kuiva. Tabibu aliwachunguza watoto macho na tumbo na hakuona dalili, lakini mama aliambiwa wazi kwamba binti anayeonja mchanga hahesabiwi kuwa anacheza tu.

Baada ya hapo baba akatoa simu na kunionyesha jambo ambalo nadhani ndilo lililokuwa limemnyima usingizi kuliko mistari ya watoto. Mke wake alikuwa na mimba ya miezi mitatu. Sehemu fulani walikopima, jibu la toksoplazma, kimelea kinachohusishwa na paka, lilitoka: IgG ipo, IgM haipo. Aliyewapa karatasi akawaambia, "Mama ana ugonjwa wa paka, muondoeni paka." Mtandaoni baba akasoma kwamba paka wanatoa mimba. Ndiyo maana ya kiroba.

Jibu lile lilikuwa habari njema iliyosomwa kinyume. IgG ni kingamwili inayoonyesha kwamba mwili umewahi kukutana na kimelea na kujenga kinga. IgM ndiyo huinuka maambukizi yakiwa mapya. Mama mwenye IgG bila IgM mwanzoni mwa mimba aliambukizwa kabla ya kushika mimba, pengine miaka mingi kabla, na kwa mwanamke mwenye kinga nzuri ya mwili mtoto tumboni huwa salama. Hatari ni kwa mama anayeambukizwa kwa mara ya kwanza akiwa mjamzito. Huyo anaweza kupoteza mimba, au mtoto akazaliwa na madhara ya ubongo na macho. Kwa hiyo karatasi ileile ambayo ilimfanya baba atafute kiroba ilikuwa inamwambia atulie.

Paka ana nafasi yake kwenye toksoplazma, sisemi hana. Kimelea kilitambuliwa mwaka 1908, lakini ilifika karibu na mwaka 1970 ndipo ikathibitishwa kwamba jamii ya paka pekee ndiyo inayotoa mbegu zake kwenye kinyesi. Sasa tazama ratiba yenyewe. Paka huambukizwa mara nyingi akiwa mdogo, anapoanza kula panya na ndege. Hutoa mbegu hizo kwa wiki moja hadi tatu, kisha kwa kawaida huacha. Mbegu zikitoka haziambukizi palepale. Zinahitaji siku moja hadi tano. Kinyesi kinachoondolewa kila siku hakipati muda huo. Paka mzima kama Pusi, aliyekula panya wa Bahi miaka kadhaa, ana uwezekano mdogo kuwa tishio la leo. Watoto wake ndio wa kuangaliwa, pamoja na udongo, ambamo mbegu hizo hudumu miezi mingi pakiwa na unyevu. Klorini haiziui. Maji ya kuchemka yanaziua.

Na kuna njia nyingine ambayo haihitaji kuwa na paka nyumbani kabisa: nyama isiyoiva. Mbuzi na kondoo hula majani yenye mbegu hizo, na kimelea hukaa kwenye misuli yao. Mjamzito ambaye hajawahi kupata maambukizi, akamfukuza paka, kisha akaenda mnadani Msalato akala mshikaki ambao ndani bado ni mwekundu, amefunga mlango na kuacha dirisha wazi. Nyama iive hadi katikati (kimelea hufa ikifika nyuzi joto 67), mchicha na kachumbari vioshwe kwa maji mengi safi, na bustani ilimwe kwa glavu. Watu wenye virusi vya Ukimwi ambao kinga yao imeshuka sana wana sababu ya ziada ya kuwa makini, kwa kuwa kimelea kilicholala tangu zamani huweza kuamka na kushambulia ubongo. Kotrimoksazoli wanayopewa kliniki inasaidia kuzuia hilo, kwa hiyo isiachwe njiani.

Matibabu ya watu yalikuwa ya tabibu, mimi ninasimulia tu. Mtoto mkubwa na saidia fundi walipewa ivamektini dozi moja kwa uzito. Binti alikuwa na kilo 13, na kwa watoto wasiofikisha kilo 15 dawa hiyo haitolewi kwa kawaida. Akapewa albendazoli kila siku kwa siku tatu. Kidonge kimoja kile cha minyoo cha shuleni mara nyingi hakitoshi kwa tatizo hili. Mwasho ulipungua ndani ya siku chache, mistari ikachukua muda zaidi kufifia. Na nitie hapa neno kwa wafugaji wenzangu: ivamektini ya sindano ya ng'ombe si dawa ya mtoto, hata kama jina ni lilelile na chupa iko kabatini.

Kwa paka, nilitoa piranteli kwa uzito, nikairudia baada ya wiki mbili kwa kuwa dawa hiyo inaua minyoo iliyo utumboni na kuziacha lava zilizo njiani. Vitoto vya paka vinapaswa kuanza dawa vikiwa na wiki mbili au tatu na kurudiwa kila wiki mbili hadi viache kunyonya. Hivi vya bibi vilikuwa vimechelewa, matumbo yamejaa na mgongo umekonda. Kimoja kilikuwa na chembe zinazofanana na mchele zimekaukia chini ya mkia. Hizo ni pingili za tegu anayeenezwa na viroboto, na mtoto wa mtu humpata kwa kumeza kiroboto kwa bahati mbaya. Kikapata prazikwanteli. Bibi akasema viroboto atavimaliza mwenyewe, kuna dawa ya kuogeshea ng'ombe kwa mwanawe mwingine. Nikamshika mkono. Dawa nyingi za kuogeshea mifugo, hasa zenye pamethrini, ni sumu kali kwa paka. Ini lake haliwezi kuivunja, anaanza kutetemeka, anadegedega, anakufa. Nimewapokea wengi wa aina hiyo kuliko wa minyoo. Tukakubaliana kitana chenye meno ya karibu, sabuni, na matandiko kuanikwa juani.

Mchanga ndio uliokuwa na ubishi. Fundi alipendekeza amwage dizeli. Baba alitaka moto. Mama alitaka uzolewe wote ukatupwe, lakini mchanga wa tipa mbili ni pesa, na ungetupwa ungeenda kuwa uwanja wa watoto wengine. Tulifanya hivi: kinyesi na tabaka lililokizunguka vikatolewa kwa koleo na kutumbukizwa chooni, chini kabisa. Uliobaki ukatandazwa mwembamba juani, ukageuzwa geuzwa hadi ukawa mkavu wa kupeperuka. Hilo linamaliza lava za safura. Mayai ya Toxocara ni magumu kuliko hapo, kwa hiyo sharti likawa kwamba mchanga ule wote uingie kwenye zege na lipu, usibaki hata ndoo moja ya kuchezea, na saidia fundi auchekeche akiwa na glavu na buti. Wakati ukisubiri kazi, ulifunikwa kwa turubai iliyogandamizwa tofali pande zote. Tofali mbichi zikahamishiwa upande mwingine, maji yasirudi pale.

Pusi alitengenezewa choo chake: beseni lililotoboka, majivu na mchanga mkavu kidogo, nyuma ya chumba cha bibi. Baba mwenyewe ndiye anayelimwaga kila asubuhi. Mama angeweza kulimwaga bila hofu kwa jibu lake lile, lakini baba hataki kusikia.

Kinyesi cha Pusi nilichopima baada ya dozi ya pili hakikuwa na mayai. Yule dume wa kwa jirani hatukumpata. Tulimtega kwa dagaa akala dagaa, akaondoka. Kwa hiyo turubai linabaki juu ya mchanga hadi lipu ya ukuta wa mwisho ikamilike, na fundi ameelewa kwamba akiliacha wazi usiku mmoja tu, asubuhi atakuta nyayo kubwa.